Mafuta Yanayochuruzika

Nilipoteza alama tano kwa sababu ya kitenzi kimoja. Ulikuwa mtihani wa uhandisi wa hifadhi za mafuta, yaani miamba ya chini ya ardhi iliyoshika mafuta, mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili huko Alberta, Kanada, na swali lilitutaka tueleze jinsi mvuke unavyotumika kutoa lami, yaani mafuta mazito mno, iliyokwama kwenye mchanga chini ya ardhi. Nikaandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba mvuke unaisukuma lami mpaka kisimani. Karatasi iliporudi, neno hilo la kusukuma lilikuwa limezungushiwa duara jekundu, na pembeni mwalimu ameandika: "Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilidhani tu, kwa sababu kila nilichokuwa nimesoma kabla ya hapo kilihusu kusukuma. Mafuta yanasukumwa na gesi iliyoyeyuka ndani yake, yanasukumwa na maji yaliyo chini yake, na nguvu hizo zikiisha, wewe mhandisi unaleta nguvu yako na kuendelea kusukuma. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mzee niliyekuwa nikiandika habari zake bila kumtaja, Roger Butler, mvumbuzi wa njia hiyo ya mvuke, alipata jina kwa kuacha kusukuma.

Tuanze na hao wasukumaji, maana bila wao huwezi kuona alichokifanya.

Kisima cha mafuta cha Edwin Drake kule Titusville, Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859, kilikuwa na kina cha mita 21 hivi. Watu waliofuata walichoronga mamia ya visima kandokando yake, wakachota walichopata, na mafuta yalipopungua wakahama. Hawakujua kwamba walikuwa wameacha sehemu kubwa zaidi kuliko waliyoichukua. Hata leo, kwa wastani, kama theluthi moja tu ya mafuta yaliyomo kwenye hifadhi ndiyo hupanda juu. Mwaka 1880 mjiolojia John Carll aliandika kwamba maji yanayovuja ndani ya visima vya zamani huenda yakawa na faida, kwamba yanayakumba mafuta na kuyapeleka kwenye visima vya jirani. Wakati huo sheria ya Pennsylvania iliwataka wenye visima wazuie maji yasiingie kwenye mchanga wa mafuta. Basi wenye visima vya Bradford wakawa wanayaachia maji kimyakimya, usiku usiku, hadi jimbo lilipohalalisha jambo hilo mwaka 1921. Napenda sana kisa hiki. Mbinu inayotoa mafuta mengi duniani leo, ya kuingiza maji ili yasukume mafuta, ilianza kama kosa la jinai.

Baada ya maji ikaja gesi, ikaja kabonidayoksaidi, zikaja polima za kuyafanya maji yawe mazito ili yasukume kwa usawa. Vitu vimebadilika, kitenzi ni kilekile. Nyuma ya vyote ipo sheria ya Henry Darcy, yule mhandisi wa maji wa Dijon, Ufaransa, aliyepitisha maji kwenye nguzo za mchanga na kuchapisha matokeo mwaka 1856. Sisi wanafunzi tuliikariri kama sheria ya shinikizo: tofauti ya shinikizo ikiwa kubwa, mtiririko unakuwa mkubwa. Lakini nguzo za Darcy zilikuwa zimesimama wima. Uzito wa maji umo ndani ya sheria yake tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tulikuwa tunauruka, kwa kuwa katika hifadhi ya kawaida, yenye mafuta mepesi na shinikizo kubwa, ukiuruka hupati hasara ya kuonekana.

Kwenye mchanga wa lami, huwezi kuuruka.

Mara ya kwanza kushika mchanga huo nilitegemea kitu chenye kunata. Ilikuwa majira ya baridi, na bonge nililopewa lilikuwa gumu kama jiwe. Nililifumbata kiganjani dakika chache huku mwenyeji wetu akieleza habari za usalama, na nilipofumbua mkono ulikuwa mweusi, unanuka barabara mpya. Hapo ndipo lilipo somo lote, ingawa siku hiyo nilishughulika zaidi kutafuta kitambaa.

Mnato, yaani ukaidi wa kimiminika kutiririka, hupimwa kwa sentipoizi, na wa maji ya kawaida ni kama sentipoizi 1. Lami ya Athabasca, ikiwa pale pale ardhini kwenye nyuzi joto kumi na kitu, mnato wake unapita sentipoizi milioni moja. Unaweza kuweka pampu yenye nguvu upendayo, haitakuja. Ukiingiza maji, yatatafuta njia yao pembeni na kukuachia lami mahali ilipo. Lakini ipashe moto hadi kufikia nyuzi 200 na ushee, mnato unaporomoka hadi sentipoizi kumi hivi, na kitu kilichokuwa jiwe kinatiririka kama mafuta ya injini. Kwa hiyo swali la Alberta halikuwa mafuta yako wapi. Yalijulikana tangu zamani, yanaonekana kwenye kingo za mto Athabasca. Swali lilikuwa unapelekaje joto mita mia mbili au mia nne chini ya ardhi, na ukishapeleka, unayatoaje.

Yale yaliyo karibu na uso wa ardhi yalipata dawa mapema. Karl Clark alihangaika miaka mingi, kuanzia miaka ya 1920, na njia ya kutenganisha lami na mchanga kwa maji ya moto, na mwaka 1967 ukafunguliwa mgodi wa kwanza mkubwa wa kibiashara. Chimba, osha, uza. Ila karibu asilimia 80 ya akiba yote iko chini mno kwa mgodi wa wazi.

Kuhusu hiyo iliyo chini, watu walipendekeza mambo. Mwaka 1958 mjiolojia Manley Natland wa kampuni ya Richfield alipendekeza kulipuliwa bomu la nyuklia la kilotani 9 chini ya mchanga wa Athabasca, mahali paitwapo Pony Creek, ili joto la mlipuko liyeyushe lami. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipokuwa Saudia akitazama jua likizama jangwani. Mradi uliitwa Cauldron, yaani sufuria kubwa, kisha mtu mwenye busara akaubadilisha jina. Ulijadiliwa kwa uzito na wataalamu pamoja na serikali kabla ya kuwekwa kando, Kanada ilipozidi kugeuka dhidi ya milipuko ya nyuklia. Ninapomsikia mtu akisema uvumbuzi wa Butler ulikuwa wa ajabu ajabu, humkumbusha kwamba ulishindana na bomu.

Mwaka mmoja baadaye, 1959, Venezuela, katika eneo la Mene Grande, wahandisi wa Shell walikuwa wanajaribu kusukuma mafuta mazito kwa mvuke. Mvuke ukapasua njia na kutokea juu ya ardhi. Wakaamua kukifungulia kisima cha mvuke kipumue ili kushusha shinikizo, na kisima hicho, ambacho hakikukusudiwa kutoa chochote, kikaanza kutema mafuta. Ndivyo ilivyopatikana njia ya mzunguko: unaingiza mvuke kwa wiki kadhaa, unafunga na kuuacha ulowe, kisha unafungua kisima kilekile na kuvuta. Kampuni ya Imperial Oil waliijaribu huko Cold Lake, Alberta, kuanzia mwaka 1964, na ikafanya kazi. Lakini kila mzunguko ulizaa kidogo kuliko uliopita, na sehemu kubwa ya lami ilibaki chini.

Hapo ndipo anapoingia Butler, na anaingia kwa mlango usiotarajiwa.

Alizaliwa mwaka 1927 huko Ilford, Uingereza. Alipata udaktari wa uhandisi wa kemikali Imperial College, London, mwaka 1951, akavuka bahari kufundisha Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada, kisha mwaka 1955 akajiunga na Imperial Oil, huko Sarnia, Ontario. Kazi yake ilikuwa utafiti wa kusafisha mafuta. Hakuwa mtu wa visima. Nadhani jambo hilo lilimsaidia. Mtu aliyelelewa kwenye mitambo ya kusafishia mafuta amezoea kuona vimiminika vikipanda na kushuka ndani ya minara kwa sababu ya joto na uzito wake tu. Mvuke unapanda, kizito kinashuka, vinapishana njiani. Kwake hiyo ni Jumatatu ya kawaida.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ilimhusisha na jambo lililo mbali kabisa na mafuta, nalo ni uchimbaji wa potashi kule Saskatchewan. Potashi ni chumvi, na chumvi inaweza kuchimbwa bila mtu kushuka mgodini. Unaingiza maji, yanayeyusha chumvi, unatoa maji ya chumvi. Butler akafikiria kinachoendelea ndani ya tundu lile. Maji mapya, kwa kuwa ni mepesi, hupanda mpaka kwenye kuta na dari ya chumvi. Yanayeyusha, yanakuwa mazito, yanashuka. Mengine mapya yanapanda kuchukua nafasi. Tundu linakua lenyewe, bila mtu kusukuma chochote kuelekea popote. Kinachohitajika ni kuchota kilichokusanyika chini.

Badala ya maji weka mvuke. Badala ya chumvi weka lami.

Kwa Kiswahili tuna neno ambalo vitabu vya Kiingereza hulitafuta kwa maneno matatu manne: kuchuruzika. Lami iliyopashwa moto inachuruzika. Sikulijua neno hilo lingenifaa siku ile ya mtihani, na mtihani wenyewe haukuwa wa Kiswahili, lakini tangu nilipoanza kuieleza njia hii kwa lugha yangu sijapata tena shida ya kueleweka.

Picha kamili ni hii. Chini kabisa ya tabaka la lami unalaza visima viwili vya mlalo, kimoja juu ya kingine, vikiachana kama mita 5, vikienda sambamba kwa mita mia tano, mia nane, hata elfu moja. Kwanza unapitisha mvuke katika visima vyote viwili kwa miezi michache, ili lami iliyo katikati ilainike na visima viweze kuwasiliana. Kisha kisima cha juu kinabaki kuwa cha mvuke, na cha chini kinakuwa cha kutoa. Mvuke unapanda, unakutana na lami baridi, unageuka maji na kuiachia joto lake lililofichika. Lami inalainika, inateleza ukutani pamoja na yale maji, inafika kwenye kisima cha chini. Pale ilipotoka panabaki mchanga uliojaa mvuke. Hicho wahandisi hukiita chumba cha mvuke, ingawa si chumba kitupu, mchanga umo. Kinakua kwenda juu hadi kugonga paa la mwamba, kisha kinatanuka kwa pembeni.

Njia hiyo inajulikana kwa herufi nne, SAGD, kifupi cha "steam-assisted gravity drainage", yaani kuchuruzika kwa uvutano kwa msaada wa mvuke, nazo wahandisi huzitamka "sagidi".

Niliporudi kwa mwalimu kudai alama zangu tano, hakubishana. Alinipeleka maabara, akanionyesha kisanduku chembamba chenye ubao wa kioo mbele, kilichoshindiliwa mchanga uliolowa lami, chenye vitundu viwili chini kwa ajili ya mirija. Butler naye alianza na vielelezo vya namna hiyo. Tulikaa mbele ya kioo karibu saa nzima. Doa la rangi hafifu likatokea juu ya mrija wa mvuke, likapanda polepole, kisha mabega yake yakaanza kutanuka mpaka likawa kama herufi V iliyosimama juu ya kisima. Kwenye kingo za V ile uliona kabisa utando mweusi ukishuka. Mwalimu aliuliza: "Sasa nionyeshe anayesukuma." Alama hazikurudi.

Wazo peke yake lisingemfikisha mbali. Kilichomtofautisha Butler na watu wengi wenye mawazo mazuri ni kwamba alikaa chini akapiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyomwambia kisima kiwe na umbo gani. Yeye na wenzake walichapisha nadharia hiyo mwaka 1981. Fomula yake inakupa kiasi cha mafuta kwa kila mita ya kisima, na karibu kila kitu ndani yake kimo chini ya kipeuo cha pili: upenyezaji wa mchanga, kimo cha tabaka, uvutano wa dunia, na mnato wa lami iliyopashwa. Ukipata tabaka lenye kimo mara nne, mafuta yanaongezeka mara mbili tu. Kinachoshtua ni kile kisichokuwamo. Tofauti ya shinikizo kati ya kisima na kisima haionekani. Mvuke wenye shinikizo kubwa zaidi unasaidia kwa kuwa ni wa moto zaidi, basi.

Na kwa kuwa jibu linakuja kwa kila mita, kisima cha wima hakina maana, kwani mita zake ndani ya tabaka ni chache na mafuta yangechuruzika kwa kiasi cha kuchekesha. Kisima kirefu kilicholala kina mita mia kadhaa, na mita zote zinakusanya. Leo inaonekana rahisi. Lakini alipokuwa akipiga hesabu hiyo visima vya mlalo havikuwa kitu unachoagiza kwa mkandarasi. Alikuwa anabuni njia inayohitaji chombo ambacho tasnia haikuwa nacho.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hawaambiwi, nami nalipenda. Umbo la kwanza la hesabu yake lilikuwa na dosari: ukilifuata, kuta za chumba kule chini zinajitenga na kisima kadiri muda unavyokwenda, jambo lisilowezekana, kwa sababu lami ifike vipi kisimani? Butler mwenyewe akarudi, akazifunga kuta hizo kwenye kisima, na namba 2 iliyokuwa ndani ya kipeuo ikapungua ikawa 1.5. Mafuta machache kuliko alivyoahidi mwanzo. Alichapisha marekebisho hayo mwaka uleule wa 1981.

Imperial Oil walimhamishia Calgary mwaka 1975 kuongoza utafiti wa mafuta mazito, na mwaka 1978 wakamchorongea kisima cha mlalo huko Cold Lake, kati ya vya mwanzo kabisa vya aina yake katika enzi hii. Mvuke uliingizwa kupitia kisima cha wima kilichosimama juu yake, maana kulaza kimoja kulikuwa kibarua tosha. Kilifanya kazi. Halafu, kwa kipimo cha mtu mwenye haraka, hakikutokea kitu. Kampuni ilikuwa na njia yake ya mzunguko, inayojulikana, inayoingiza pesa, na Cold Lake iliendelea kujengwa juu ya njia hiyo. Sina lawama hapo. Ningekuwa meneja na mezani nina kitu kinachofanya kazi na kingine kinachoweza kufanya kazi, najua ningetia saini wapi.

Mwaka 1982 Butler aliondoka. Alikwenda AOSTRA, taasisi ya serikali ya Alberta iliyoundwa mwaka 1974 mahsusi kwa utafiti wa mchanga wa lami, na mwaka 1983 akashika kiti cha uprofesa wa uhandisi wa petroli Chuo Kikuu cha Calgary, alikokaa hadi 1995.

Na AOSTRA walifanya jambo ambalo hadi leo nikilisimulia watu hudhani natia chumvi. Visima viwili sambamba vyenye kuachana mita tano havikuweza kuchorongwa kutoka juu kwa uhakika wakati huo. Basi wakachimba mgodi. Karibu na Fort McMurray wakateremsha mashimo mawili ya wima, takriban mita 200, yakapita tabaka la lami lote na kuingia kwenye mwamba wa chokaa ulio chini yake. Humo ndani ya chokaa wakachimba mahandaki yanayotosha watu na mitambo. Kisha wakachoronga visima kwenda JUU, kutoka kwenye handaki kuingia katika mchanga wa lami juu ya vichwa vyao. Fikiria unafanya kazi chini ya dari ambayo juu yake wenzako wanaingiza mvuke wa moto wa kuyeyusha ardhi, na unasubiri idondokee kwako. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1980, wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa inaelekea kuanguka vibaya, ikaanguka kweli mwaka 1986. Kampuni nyingi zilitazama kwa mbali.

Mwaka 1987 jozi tatu fupi zilianza kupewa mvuke. Lami ikachuruzika karibu kama fomula ilivyosema. Baadaye zikafuata jozi ndefu za karibu mita 500, na zaidi ya nusu ya lami iliyokuwamo ikatolewa. Kwenye tasnia iliyozoea theluthi moja, tena ya mafuta mepesi, namba hiyo iliwafanya watu wasogeze viti karibu.

Wakati huohuo wachorongaji nao walikuwa wanajifunza. Kufikia miaka ya 1990 kisima cha mlalo kutoka juu ya ardhi kikawa jambo la kawaida, na ile shida ya mita tano ikatatuliwa kwa sumaku: unachoronga kisima cha chini kwanza, unatumbukiza ndani yake kifaa cha sumaku, na mchorongaji wa kisima cha pili anafuata sumaku hiyo kama kipofu anayefuata fimbo. Mgodi haukuhitajika tena. Mwaka 2001 Foster Creek ikawa mradi wa kwanza wa SAGD wa kibiashara, na mingine ikafuata mwaka baada ya mwaka. Leo lami inayotolewa kwa visima huko Alberta ni nyingi kuliko inayochimbwa migodini, na nyingi ya hiyo ya visima inatoka kwenye jozi za Butler.

Hesabu mwenyewe: wazo mwishoni mwa miaka ya 1960, mradi wa kibiashara 2001. Zaidi ya miaka thelathini. Alianza akiwa mtu wa makamo, akamaliza akiwa mstaafu.

Sasa upande wa pili wa shilingi, na sitaupaka rangi. Mvuke haushuki kutoka mbinguni. Kwa kila pipa la lami unachemsha kati ya mapipa mawili na manne ya maji, na maji hayo yanachemshwa kwa kuchoma gesi asilia. Maji mengi husafishwa na kurudishwa kwenye boila, hilo wamelifanya vizuri. Gesi iliyochomwa hairudi. Pipa la lami lina mzigo wa kaboni mkubwa kuliko pipa la mafuta mepesi hata kabla halijafika kwenye injini, na mtu anayekutajia Butler bila kutaja hilo anakuuzia kitu. Halafu kuna paa. Njia hii inategemea mwamba mzima juu ya lami wa kuuzuia mvuke. Mwezi Mei 2006, huko Joslyn Creek, paa lilikuwa jembamba na shinikizo lilizidi, mvuke ukapasua ardhi na kuacha shimo kubwa msituni. Mlipuko huo ulibadilisha jinsi wasimamizi wa Alberta wanavyopanga kiwango cha juu cha shinikizo kwenye visima vifupi kwenda chini.

Butler aliiona gharama ya gesi mapema. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na Igor Mokrys walifanyia kazi njia dada waliyoiita VAPEX: visima vilevile, umbo lilelile, ila badala ya mvuke unaingiza mvuke wa propani au butani, ambao unaingia ndani ya lami na kuilainisha bila kuipasha moto. Hakuna maji, hakuna boila. Kwenye kioo cha maabara inapendeza. Kwenye ardhi halisi ni ya polepole, kwa kuwa kiyeyushi, yaani hiyo propani au butani, kuingia ndani ya lami baridi ni kazi ndefu kuliko joto kuingia, na viyeyushi vyenyewe ni ghali, ukivipoteza chini umepoteza faida. Wengi siku hizi wanachanganya, mvuke na kiyeyushi kidogo, na nadhani huko ndiko kutakakoleta nafuu. Lakini mvuke mtupu bado ndio unaotawala. Butler alifariki mwaka 2005, akiwa ameyaona matunda ya wazo la kwanza, si ya la pili.

Nami nilikuja kujua kwamba kuandika kitenzi sahihi kwenye mtihani si sawa na kukiamini. Kazi yangu ya kwanza, kwa kampuni ambayo sina sababu ya kuitaja, nilipewa jozi tatu nizisimamie. Kinachosimamiwa ni kitu kimoja hasa: juu ya kisima cha chini lazima pawe na dimbwi la lami na maji, ambalo linauzuia mvuke usiingie kwenye kisima cha kutoa. Huwezi kuliona dimbwi hilo. Unalikisia kwa joto. Kimiminika kinachoingia kisimani kikiwa baridi kuliko mvuke kwa nyuzi kumi hivi, dimbwi lipo. Tofauti hiyo ikisogea kwenye sifuri, dimbwi linakauka.

Jozi ya katikati ilikuwa inatoa kidogo kuliko wenzake. Chini ya kisima kulikuwa na pampu ya umeme ya kuzamishwa, uzao wa pampu za Armais Arutunoff, yule mzaliwa wa Tiflis aliyefanyia kazi zake Oklahoma, na pampu hizo ni tiifu: ukiziambia ziongeze mzunguko, zinaongeza. Niliongeza. Ikatoa zaidi. Nikaongeza tena. Tofauti ya joto ilishuka kutoka nyuzi 12 hadi 6, kisha 3. Mwendeshaji wa zamu, mtu wa miaka mingi kazini, akanipigia simu: "Kijana, unavuta kisichovutwa." Nikamwonyesha grafu ya uzalishaji inayopanda. Siku ya nne nilisifiwa kwenye kikao cha asubuhi.

Siku ya sita mvuke uliingia kisimani upande wa kisigino, pale kisima kinapopinda kuanza kulala. Mvuke unaopita kwa kasi kwenye upenyo mwembamba unabeba mchanga, na mchanga unaobebwa na mvuke ni msasa. Bomba lenye vijitundu vya kuchujia likatoboka. Pampu ikajaa mchanga, ikafa. Tulifunga jozi nzima kwa wiki saba. Yule mwendeshaji hakuniambia "nilikwambia." Alinisaidia kuandika ripoti, na pale nilipoandika kwamba kisima "kilishindwa kuhimili kasi ya kuvuta", akalikata neno kisima akaandika cheo changu.

Waliweka kizibo kwenye sehemu iliyotoboka, wakapoteza mita mia moja na ishirini za urefu, na jozi ikawashwa tena kwa mzunguko mdogo. Kwa kuwa fomula inalipa kwa mita, mita hizo hazirudi. Mara ya mwisho kuuliza, bado inafanya kazi, na bado inatoa kidogo kuliko jirani zake wawili.